Sufuria Walizoziacha Koboko

Koboko, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekuwa hapo uani Tabora ningekwambia mwangaluka, ukaniitikia kabla sijamaliza. Goti linaendeleaje? Ulikwenda kumwona daktari, au bado unajipaka mafuta ya nyonyo na kuwadanganya watu kwamba umepona? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Tatizo ni moyo.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi naongea kwa mkato. Mambo yenyewe si ya simu, Mama. Ningeanza kulia, na wewe ungekata ukidhani mtandao mbovu.

Hapa Kiswahili kipo kila mahali, lakini changu wanakiona kigeni. Siku niliyofika kufundisha, mlinzi wa shule alinisikiliza kwa makini, kisha akacheka. "Mwalimu, hii Kiswahili yako ni ya redio. Sisi iko na ya kambi." Kwao kilikuja na jeshi na wafanyabiashara, hawakukinyonya kwa mama zao. Wanafunzi wananiogopa, na walimu wenzangu wakishaniamkia wanarudi kwenye Kilugbara na Kikakwa chao. Jina langu silisikii tena, wote wananiita Mwalimu. Kuna siku nilijiita mwenyewe chumbani, kwa sauti yako, "We Mwanne!" Nikaitika. Usicheke.

Mtu wangu pekee ni mwenye nyumba, Haboba Zainabu. Haboba kwa Kinubi ni bibi. Kila Ijumaa wakitoka msikitini ananiletea sahani iliyofunikwa kwa tabaga, kifuniko cha ukindu wa rangi wanachosuka wanawake wa Kinubi. Desturi yao ni kama yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Basi Ijumaa inapita na sahani, na Jumamosi naipeleka na karanga au ndizi, tunakaa mkekani, yeye anasuka na mimi namwambia habari za shule. Kwa wiki nzima hayo ndiyo maongezi yangu.

Lakini nilimdanganya, Mama. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe mutu ya wapi?" Ukutani nyuma yake nikaona picha ya marehemu mume wake, kavaa sare ya jeshi lile ambalo baba alikuja kupigana nalo. Nikasema natoka Mombasa. Tangu hapo nikawa na kazi ya kumsimulia bahari, mimi ambaye maji makubwa niliyowahi kuyaona ni bwawa la Igombe. Asali uliyonipa niliificha chini ya kitanda, maana angeuliza imetoka wapi.

Kilichoniumbua ni somo langu mwenyewe. Niliwapa kidato cha pili waandike insha, "Mimi ni nani?" Msichana mmoja akaandika kwamba babu yake alikuwa Mkakwa, mkulima wa Kuluba. Akaingia jeshini, akasilimu, akahamia mjini, akaanza kuongea Kinubi, na mkewe akavaa vazi la gurbaba kama wanawake wa hapa. Wajukuu wake sasa ni Wanubi. Ndugu zake babu walibaki shambani na ni Wakristo hadi leo. Krismasi wa mjini wanakwenda Kuluba, Idd wa Kuluba wanakuja mjini. Mwisho akaandika, "Sisi ni wote, na hatufichi." Nilimpa alama zote, kisha nikaona aibu. Nawadai watoto ukweli wao, wangu nimeuchimbia.

Jumamosi ile nikamwambia. Natoka Tabora, Tanzania, na baba yangu alikuwa askari. Wakati wa vita alifika mpaka hapa Koboko.

Aliacha kusuka. "Hapa? Hapa kabisa?"

Nikamweleza lile ambalo baba alilisema mara moja tu, siku ya Idd, unakumbuka, akausogeza wali pembeni. Kwamba walikuta nyumba wazi, sufuria zinatokota na wenyewe wameshakimbia. Walikuwa na njaa, wakala. Na hakuna aliyewaambia karibu. Ndiyo sababu, nadhani, maisha yake yote akikaa kula alikuwa anamkaribisha kila mpita njia, hata mwenye baiskeli aliyeshafika kwenye kona. Sisi tulikuwa tunamcheka.

Haboba aliiweka tabaga yake chini. "Ile siku mimi napika maharage," akasema. "Nasikia bunduki, nabeba mutoto, naacha sufuria kwa moto. Kila nyumba naacha sufuria. Mutoto yangu, Ramadhani, nakufa kwa homa kule Sudani. Bado ananyonya." Kisha akasimama kwa taabu. "Na mimi miezi yote hii nalisha mutoto ya askari." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa tatu sahani haikuja. Ya mwisho nilirudi nayo siku ile kwa kuchanganyikiwa, nikawa naiona kila nikila, na ninakula peke yangu. Nikaamua kuhama. Nikapanda gari hadi Arua kuulizia nafasi katika shule moja ya huko. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniuliza, "Na wewe ni mtu wa wapi?" Mama, sijui nilishikwa na nini, nikaaga. Njia nzima ya kurudi kupitia Ayivu nilikuwa naangalia watu wa baiskeli waliobeba mihogo, kila mmoja anakwenda kwao.

Niliporudi nilitoa ile asali chini ya kitanda. Nikaimimina kwenye kibakuli, nikakiweka juu ya sahani yake, nikaiacha mlangoni pake na kumwambia kupitia mlango, "Haboba, hii ni asali ya Tabora. Ndiko kwetu." Nikarudi chumbani kwangu.

Juzi Ijumaa, baada ya swala, nikasikia mlango unagongwa kwa mguu. Haboba, mikono yote miwili imeshika sufuria inayofuka moshi, juu yake tabaga mpya. Sikujua nifanye nini, nikampisha. Akaiweka sakafuni, akaketi, akafunua. Maharage.

"Baba yako nakula na mutu hapana," akasema. "Mwenye sufuria nakimbia. Leo mwenye sufuria iko. Karibu."

Tulikula kutoka sufuria ileile, Mama. Mimi nililia, yeye hakulia. Alipomaliza akaniuliza jina langu hasa ni nani. Nikamwambia Mwanne. Akalirudia mara mbili.

Sihami. Upweke bado upo, usidhani umekwisha kwa sufuria moja. Na Ramadhani wake hatarudi, hilo nalijua kila nikimtazama.

Nisalimie kaka Hamisi, na mkewe, mwambie nilisikia kajifungua salama. Shangazi Mwajuma mpe pole ya macho. Mjomba fundi baiskeli mwambie hapa angetajirika.

Na ukienda makaburini kumsomea baba, kaa kidogo. Mwambie Koboko wamesema karibu.

Ni mimi mwanao,
Mwanne