Tawi Nililoliokota Njiani

Kijiji cha Magamba,
S.L.P. Mpanda.
18 Septemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Gelasius,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo wewe, na wifi yangu Theopista, na huyo mtoto mnayesema amechukua pua ya babu yake? Kifua kimepungua, au baridi ya Arusha bado inakusumbua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mahindi yameingia ghalani, mvua bado, na vumbi tunalila bila chumvi.

Ila roho yangu haijatulia. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili, nimeanza kusuka mkeka nikauacha, nimekwenda kisimani wakati ndoo zimejaa nyumbani. Afadhali nikuandikie.

Unakumbuka tulipokuwa tukiishi mlimani, kabla ya kuhamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, jinsi miyombo ilivyochipua majani mekundu mwezi kama huu. Basi kwaya ya kigango iliomba ruhusa kwa mwenyekiti tupande kutwa moja, sikukuu ya kuzaliwa Mama Maria, tarehe nane, tukale na kuimba huko juu. Tulikuwa kumi na wanne. Baba naye akaja, amevaa koti la kanisani, shoka lake la kurinia asali begani. Nilimcheka sana.

Gaspar, mwenzetu wa kwaya, alitangulia, maana ndiye aliyechagua mahali pa kupikia. Desturi yetu unaijua: wa mbele akifika njia panda hulaza tawi bichi kwenye njia isiyofuatwa, na walio nyuma hawana haja ya kuuliza. Baba alishika mkia, kwa sababu kila mzinga wake wa zamani ilibidi asimame autazame kama anamtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa katikati, sufuria kichwani, wenzangu wameniacha kidogo.

Kwenye njia panda ya mwambani mbung'o wakanivamia mgongo mzima. Mkono mmoja umeshika sufuria, wa pili ukaokota tawi lililolala chini, nikajipiga nalo huku na huku, nikaenda nalo. Gelasius, lilikuwa tawi la Gaspar. Niliwaona wenzangu kwa mbali nikawafuata, wala sikumfikiria aliye nyuma yangu. Njia zote mbili zinafika penye maji ya kupikia, na baba hakujua Gaspar amechagua ipi. Pale ni mawe matupu, hata nyayo hazionekani.

Baba hakufika kwenye chakula. Tuliita, tukaimba kwa nguvu zote, ugali ukapoa bila mtu kuugusa. Msitu ule una nyati. Saa kumi wanaume walimkuta upande wa pili wa mlima, pale nyumba yetu ilipokuwa, ameketi penye jiwe la kusagia la marehemu mama. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Njia ilikuwa wazi," ndilo neno pekee alilosema. Gaspar akaapa kwamba aliifunga, na kweli aliifunga. Kaka Stanslaus akakata shauri palepale: mzee aliyetundika mizinga miaka arobaini, akishindwa kuona tawi mchana kweupe, basi akili imemtoka. Shoka na kamba amevifungia sandukuni mwake. Baba amekatazwa kuvuka mto kwenda mlimani. Kisimani wanawake wanasema kwa huruma kwamba mzee Anselmo amerudi utotoni, nami najitwika ndoo yangu kimya.

Leo ni siku ya kumi. Huu ndio mwezi wa kutundika mizinga, na baba anatoka mlangoni hadi barabarani, anarudi, anatoka tena. Chakula anakiacha nusu. Nami namfuata kwa macho, sikai, silali. Kila siku nasema kesho. Ni aibu, Gelasius, na woga wa kaka, unamjua alivyo.

Jana jioni nilimpelekea maji ya kunawa. Alinawa taratibu, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Pelagia, wale mbung'o walikuuma sana?"

Kumbe siku ile walipomleta, tawi lilikuwa bado chini kando ya sufuria, nalo limekatwa kwa panga. Tawi la kufukuzia mbung'o mtu hulivunja tu kwa mkono. Aliliona akaelewa, akanyamaza. Siku kumi baba yetu amekubali kuitwa mwehu ili mimi nisiitwe mzembe. Nililia mbele yake, naye akaendelea kunawa.

Kesho Jumapili baada ya ibada wazee wote watakuwa uwanjani, na kaka na Gaspar pia. Nitasema mbele yao. Nimekuandikia kabla kwa makusudi: jirani yetu Josephat anaondoka na treni leo, ndiye anayechukua barua hii, nisipate pa kurudi nyuma. Kaka akikuandikia kwamba baba amerukwa na akili, usimwamini.

Shangazi Hilaria anakusalimu, na wifi Minza, na watoto wake wote. Nibusie mtoto. Mungu awatunze huko ugenini, na awape kinywa cha kusema mapema kuliko changu.

Dada yako akupendaye daima,
Pelagia