Kamba ya Cocalito

Cocalito, Honduras
6 Aprili 2020. Asubuhi mvua nyembamba, upepo wa kaskazini.

Mwanangu Delmira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kifua je? Sisi tunaamka na tunakula, tunamshukuru Mungu. Shangazi yako wa Houston amesema huko kizuizini sasa mnasoma ujumbe kwenye tableti ya ukumbini, basi nakuandikia barua kamili, si maneno ya kukatakata kama ya vijana.

Tumekifunga kijiji kwa ajili ya korona. Tumevuta kamba nene ya mashua kukatiza barabara, nami kamati imenipa ukuu wa zamu kwa kuwa niliwahi kufanya kazi zahanati. Atokaye harudi. Jana Bi Ignacia alitaka kwenda mjini Tela kumzika dada yake. Nilimwambia akivuka asirudi. Alinitazama, akageuka, akarudi nyumbani kwake. Nililia nilipofika nyumbani, lakini kamba sikuilegeza.

Kula chakula cha huko, hata kama hakina chumvi.

Mama yako,
Eulogia


Kizuizini, Louisiana
15 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Hapa hatuna dirisha, kwa hiyo hali yako ya hewa nimewasomea wenzangu. Wameuliza, "Mama yako ni mtangazaji wa redio?" Nimewajibu, "Ndiyo, na barabara ni yake pia."

Mimi nina kikohozi kidogo tu, usihofu. Tuko wanawake sitini ukumbi mmoja, na nikinyoosha mkono namgusa wa kitanda cha pili. Sabuni ya wiki nzima ni kipande kama biskuti. Mlinzi anatuhesabu huku anakohoa. Tuliomba barakoa, tukaambiwa hakuna. Tukakata soksi, tukajitengenezea. Wakatunyang'anya, eti tumeharibu mali yao.

Basi, Mama, tumegoma. Jikoni tunapika sisi, nguo tunafua sisi, kwa ujira usiotosha hata kununua chumvi. Hatushiki sufuria mpaka sabuni na barakoa zije. Msimamizi alifoka, "Kiongozi wenu nani?" Candelaria wa Guatemala akamjibu, "Njaa yako, bwana."

Sasa neno gumu. Kesi yangu ya kuomba kubaki Marekani nimeshindwa. Nitapandishwa ndege ya kurudishwa, tarehe sijui. Watu wanasema hizo ndege zimejaa ugonjwa. Mama, nikifika, utanifungulia?

Binti yako,
Delmira


Cocalito
17 Aprili. Asubuhi joto, hakuna wingu.

Mwanangu,

Nakusalimu na kukuombea. Swali lako nimelisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Siwezi kukudanganya. Nilimzuia Ignacia asimzike ndugu yake wa tumbo moja. Nikimfungulia wa kwangu, kesho nitamtazama kwa macho gani? Na ukituletea ugonjwa, hapa wazee wataisha. Nipe muda nifikiri.

Kikohozi hicho, usinifiche.

Mama yako


Cocalito
1 Mei. Asubuhi mawingu mazito.

Delmira, mwanangu,

U hali gani? Wiki mbili sijasikia neno. Kama umekasirika, nitukane, lakini andika.

Mama


Kizuizini, Louisiana
12 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Sikukasirika. Niliumwa. Homa iliponipanda walinifungia peke yangu chumba cha adhabu, wakakiita chumba cha wagonjwa. Chakula kilisukumwa chini ya mlango. Wenzangu walikuwa wakigonga ukuta kila asubuhi, nami nagonga kujibu, wajue ningali hai.

Nimepona! Na tumeshinda, Mama! Nilipotoka nilikuta sabuni nzima nzima na barakoa mbili kwa kila mtu. Walinzi walikula mkate mkavu mpaka wakachoka. Candelaria alipoingia jikoni tena, msimamizi mwenyewe alimshikia mlango. Candelaria akamwambia, "Asante, kijana. Na vyombo vinakusubiri."

Ndege yangu ni Alhamisi. Kuhusu kijiji, nimekuelewa. Nitatafuta pa kukaa San Pedro, ndege ikishatua. Usijitese.

Binti yako


Cocalito
13 Mei. Asubuhi umande, kisha jua.

Mwanangu,

Mungu asifiwe! Usikae San Pedro. Sikiliza.

Jana niliita mkutano ufukweni, kila mtu mbali na mwenzake. Nikasema, "Mwanangu anarudishwa. Siombi sheria ivunjwe. Nauliza tu tufanyeje." Kisha akasimama Ignacia.

"Kamba yako iko barabarani, Eulogia," akasema. "Baharini umefunga nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tukiwafanyia wahenga ngoma, si huwa tunatuma watu visiwani kuvua? Hulala huko siku kadhaa, wakirudi tunawapokea alfajiri kwa ngoma. Nani amewahi kuwaita wageni? Msichana akae kwenye kibanda cha wavuvi huko kisiwani wiki mbili, tumpelekee chakula, kisha tumpokee hivyo hivyo. Mimi sikumzika dada yangu. Nataka nimwone mtu mmoja akirudi."

Mikono yote ilipanda juu. Mashua itakungoja Tela.

Mama yako


Cocalito
30 Mei. Asubuhi jua safi, bahari kama kioo.

Mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa uko kitandani mwako nami niko mlangoni. Nakuandikia ili ukiamka ujue mambo ambayo hukuyaona leo ukiwa mashuani, ukilia.

Ngoma zilianza kabla hujaonekana. Mashua ilipokata wimbi, Ignacia aliingia majini na nguo zake zote, akaikamata, akapiga kelele, "Tumempata! Mleteni mwingine!" Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka. Mimi, mkuu wa zamu, nilicheza kwa goti hili hili bovu, na kamati nzima ikanicheka.

Ulikula mkate wa mhogo na samaki wa nazi, ukaongeza, ukaongeza tena. Ukaanza kunisimulia habari za Candelaria, neno likakatikia njiani, usingizi ukakuchukua.

Umelala saa tisa na dakika kumi, alasiri.

Mama yako