Mstari Mweupe wa Lori la Baba Gervas

Rågsved, Stockholm
Jumanne, 3 Februari 2009

Wifi yangu Asifiwe,

Kabla ya salamu, pokea habari. Damalie alinipigia simu jana jioni akasema lori la baba yenu litapona, ila mlango wa kulia lazima ukwanguliwe mpaka kwenye plastiki na mstari mweupe uanzwe upya. Damalie ni nani, lori gani, na kwa nini nimepigiwa simu mimi badala ya kaka yako, nitakueleza kwa mpangilio.

Sasa salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa mama umeacha kuvimba tangu alipobadilishiwa dawa. Sisi tuna afya. Theluji ipo, imekanyagwa mpaka imekuwa ya kijivu. Binti yetu Adrienne anafundishwa shuleni kuteleza kwenye barafu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na Kiswahili kinamrudia pale tu anapotaka kitu. Kaka yako Hervé bado yuko kwenye lile ghala la Farsta. Anakula vizuri. Analala vizuri kuliko mimi.

Lori lilipaswa kufika Uvira bila ninyi kujua, kwa hiyo naiharibu siri ya kaka yako. Nisamehe, na usimwambie mama bado. Ni lori dogo la plastiki, unaweza kulibeba kwa viganja viwili. Vipande vyake huuzwa ndani ya boksi, unaviunganisha kwa gundi na kupaka rangi mwenyewe. Hervé amelijenga lifanane na lori la marehemu baba yenu, Baba Gervas: kichwa cha bluu, na mstari mweupe unaopita mlangoni chini ya kitasa. Laurence wa kanisani kwetu anasafiri kwenda Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwenu, mwishoni mwa mwezi na amekubali kulipakata njia nzima.

Analijengea Sundbyberg, kwenye chumba cha chini cha jengo moja la ghorofa, ambako wapenzi wa magari na ndege za plastiki hukutana kila Jumamosi. Mkubwa wao ni mzee wa Kiswidi anayeitwa Börje, mstaafu aliyekuwa akichora mabango ya maduka. Hervé alijiunga majira ya baridi ya mwaka juzi. Nilifurahi. Wanaume wengine tunaowafahamu hutumia Jumamosi zao kwa mambo mabaya zaidi.

Baadaye akaja Damalie. Ni Mganda, Kiswahili alikiokota Nairobi wakati familia yao ilipokuwa ukimbizini. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na mkono wake hautetemeki. Anaishi peke yake. Hucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, na watu hucheka naye bila kujua wanachekea nini. Tangu alipokuja, mume wangu hurudi nyumbani akiwa na jina moja mdomoni. Damalie amesema hivi, Damalie ameonyesha vile. Nina wivu, wifi. Naliandika neno hilo kama lilivyo ili usije ukalitafuta kati ya mistari. Nimeogopa kumpoteza mume wangu kwa mwanamke anayejua kubandika tepu.

Hiyo tepu nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Ni ile ya karatasi ambayo mafundi wa rangi huibandika kwenye fremu za madirisha. Ukitaka mstari mweupe kwenye lori la bluu, unapaka nyeupe kwanza. Ikishakauka unaufunika mstari kwa tepu nyembamba, unapuliza bluu juu ya kila kitu, kisha unabandua tepu na mstari unabaki mweupe, umenyooka. Ila tepu mpya ina gundi kali. Ukiibandua inaweza kuondoka na rangi ya chini. Kwa hiyo Börje huwafundisha wote wanaoanza kuibandika kwanza mara moja mbili nyuma ya mkono wao, ipunguze ukali, ndipo waiweke kwenye gari.

Kwa mkono wa Börje shauri hilo halina kasoro. Lakini wewe hujaona baridi ya huku inavyoifanya ngozi yetu. Ukitoka bila kujipaka mafuta, mikono inakuwa kama imepakwa majivu, na hakuna Mkongo wala Mganda wa mji huu anayevuka mlango wake mwezi wa Januari bila mafuta ya mgando. Hervé alikuwa akibandika tepu nyuma ya mkono uliojaa mafuta, halafu akaiweka kwenye plastiki. Gundi haikushika, rangi ikapenya chini yake, na pale mafuta yalipogusa rangi ikabanduka kama ganda la yai. Majira ya baridi yote yale Börje alilaumu rangi. Akabadilisha chupa, akabadilisha duka. Damalie alipofika, Jumamosi yake ya pili tu, aliushika mkono wa kaka yako, akaunusa, akasema: Banange, yaani jamani kwa Kiganda, huyu amejikaanga! Tangu hapo wote wawili hunawa kwa sabuni na tepu hubandikwa kwanza kwenye kioo cha dirisha.

Kisa hicho Hervé alinisimulia mezani akilia kwa kicheko. Akanisimulia tena walipokuja wageni, na mara ya tatu Pasaka, akiigiza mpaka sauti ya Damalie. Zingatia hilo. Mara zote tatu nilichosikia mimi ni kwamba aliushika mkono wake.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Hervé nakwenda naye. Alishangaa, akasema vizuri, ila nivae soksi nzito kwa kuwa chumba kina sakafu ya saruji. Nilijipaka mafuta mlangoni kama kila siku, tukapanda treni.

Damalie alinipokea kwa kunikumbatia. Akauliza kama mimi, mtu wa redio, nimekuja kuwahoji au kuwakamata, maana yeye hajafanya kosa lolote isipokuwa kumnyang'anya Hervé biskuti. Börje akanipa kiti. Nilikaa nikatazama, na nitakwambia nilichoona, si nilichokuwa nimekwenda kukitafuta. Hawakugusana. Hawakuangaliana kwa namna yoyote ya kuandikia barua. Lakini kaka yako alinyoosha mkono bila kuinua macho na Damalie akamwekea kiwembe. Akaunyoosha tena, akamwekea tepu, imekwisha kukatwa kwa upana uleule alioutaka. Hakuna aliyesema neno. Mimi na Hervé tumeoana miaka tisa, na nyumbani akitaka chumvi lazima aseme chumvi.

Baadaye Hervé na Börje walipanda juu kuleta viti vya ziada. Damalie akanimiminia chai, akasema anapenda sana ile habari ya gazeti na uji wa muhogo. Akaendelea akidhani tunazungumzia jambo ninalolijua: jinsi baba yenu alivyolipaka lori rangi upya kila mwaka kabla ya Krismasi, jinsi alivyokata gazeti vipande virefu na kuvigandisha mlangoni kwa uji wa muhogo kwa kuwa tepu haikuwepo, Hervé akishika ncha moja na wewe, wifi, ukishika nyingine. Na kwamba mwaka mmoja mbuzi wa jirani alikuja akala gazeti pamoja na uji wake, na mzee akamfukuza uwanja mzima, brashi mkononi, mpaka mbuzi akaingia nyumbani kwao na mgongo wa bluu.

Damalie aliona uso wangu. Akauliza taratibu kama Hervé hakuwahi kunisimulia. Nikasema alinisimulia zamani. Huo ulikuwa uongo. Mimi nimewahoji wabunge, maaskofu na watu waliotoroka jela, na habari ya utoto wa mume wangu nimeipata kwa mtu wa pili, kwenye kikombe cha chai cha plastiki.

Ili kunituliza, nadhani, Damalie akasema njoo dada, na wewe uweke mkono wako kwenye lori la mkwe wako. Mlango wa kushoto ulikuwa tayari. Akanikatia tepu ya mlango wa kulia, akageuka kusafisha kipulizio cha rangi. Nikaibandika tepu. Hervé aliporudi akaona nimeiweka imenyooka, akanishika bega, akafurahi kwelikweli. Wakapuliza bluu. Tukanywa kahawa, tukala keki ya Börje. Ilipokauka kiasi, Hervé akaanza na upande wa kushoto. Aliivuta tepu polepole, akiikunja irudi nyuma, pumzi ameishikilia, na mstari ukatoka safi. Hata mimi nilisema ah. Kisha akageuza lori.

Upande wa kulia bluu ilikuwa imepenya chini ya tepu kwa meno meno, na alipogusa ukingo kwa kidole rangi ilijikunja ikaondoka. Börje akaanza kuilaumu rangi. Hervé aliliweka lori juu ya karatasi, akavua miwani, akajifuta macho, na sijui kama ilikuwa ni uchovu. Damalie aliitazama mikono yangu, iliyokuwa iking'aa chini ya taa. Halafu akasema kosa ni lake, amemwachia mgeni kazi bila kumwonya kuhusu mafuta. Akapiga kichwa chake mwenyewe kwa kijiko. Hervé akacheka kidogo, akamwambia hakuna neno.

Wifi, sikuhitaji kuonywa. Kisa cha mafuta nilikuwa nakijua kuliko Börje. Sinki ilikuwa hatua chache kutoka mezani, na sabuni juu yake. Nilisimama na ile tepu, nikaibandika nyuma ya mkono wangu, nikaibandua, nikaibandika tena mahali palipokuwa na mafuta zaidi, ndipo nikaiweka kwenye mlango wa baba yenu. Haikuwa bahati mbaya. Nilitaka kitu kimoja cha meza ile kiharibike, nacho kiharibike kwa mkono wangu. Sikufikiri kwamba kilikuwa chenu pia, wewe na mama. Hilo nililifikiri kwenye treni, na lilikuwa limechelewa.

Ndani ya treni Hervé alikaa upande wa dirisha. Kisa kile alinisimulia yeye mwenyewe, kwa hiyo anajua kwamba nilijua. Au hajaunganisha mambo. Sikumuuliza. Nyumbani aliniuliza kama nataka chai. Tangu Jumamosi amekuwa mpole kwangu kuliko kawaida, na upole huo sijui niusome vipi.

Jana ndipo Damalie akapiga simu, akijua Hervé yuko kazini. Baada ya habari ya mlango alisema ameiona mikono yangu na ameuona uso wangu, na hatasema lolote, kwa sababu yeye si mtoto wangu wa kunisemea kwa baba. Lakini akaongeza kuwa uongo alioubeba ni mzito kuliko alivyodhani na anaomba nikauchukue. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini Hervé alimweleza yeye habari ya lori na si mimi. Akasema hajawahi kumuuliza chochote. Huwa wameshika tepu, huku na huku, na maneno yanatoka. Kisha akasema jambo ambalo angeweza kulimeza, na nashukuru hakulimeza. Hervé aliwahi kumwambia kwamba mimi nikimuuliza kuhusu Uvira humkumbusha ile ofisi ya wahamiaji, ambako aliulizwa tarehe, jina la mtaa, rangi ya geti, kisha akaulizwa tena kuona kama atajikanganya.

Nimelikagua jambo hilo tangu jana na siwezi kulikanusha. Ndivyo ninavyouliza. Ndivyo nilivyofundishwa.

Usidhani kwa hiyo nimempenda Damalie. Wivu upo, umekaa palepale ulipokuwa, na sasa umepata na sababu: ameniokoa mbele ya mume wangu na nitalazimika kumshukuru. Nakuomba kitu kimoja. Niandikie jambo moja la utoto wa Hervé, dogo tu, ambalo una hakika hajamsimulia mtu yeyote huku. Najua ombi hili linatoka kwenye wivu. Sitalifuta.

Msalimie mama, mwambie mkwewe anamwombea mguu. Wasalimie watoto, na shemeji, na wale wa Kamvivira wote. Adrienne anasema "hej då", yaani kwaheri. Nimemlazimisha aseme kwa Kiswahili, akasema tena "hej då".

Mimi na Hervé tunakwenda Sundbyberg Jumamosi hii, tarehe 7 Februari, kuukwangua mlango wa kulia. Nitatoka bila mafuta mikononi. Nitamwambia ndani ya treni, kabla hatujashuka, wala sitamuuliza chochote. Tunaondoka Rågsved saa nne asubuhi.

Wifi yako,
Josiane