Karatasi ya Maji Iliyokatika Nusu

Lodwar, Jumamosi alasiri

Mwalimu Ekai,

Ejok. Naanza na salamu kwa sababu ulikuwa hunisikilizi mpaka nikusalimie kwanza, hata darasa likiwa linawaka moto. Sasa nisikilize. Naogopa, Mwalimu.

Tangu tukuzike ni wiki sita. Mwalimu mkuu alinipa darasa lako la saba, sayansi yote. Alisema, "Wewe Faida ndiye uliyekuwa ukimsaidia, utaweza tu." Vitabu unavijua, viwili kwa darasa zima. Kilichobaki ni boksi lako la karatasi, zile ulizokuwa ukija kuzitoa hapa Lodwar kwenye kompyuta ya mapadri. Ulikuwa ukisubiri laini ya simu ikubali, halafu unarudi kambini Kakuma na vumbi hadi kwenye kope, na masomo ya watoto wa ng'ambo ndani ya mfuko wa plastiki. "Kwenye intaneti kuna walimu wengi," uliniambia, "shida ni kuwafikia." Nami niliyesoma kwa Kifaransa kule Bukavu nilikaa na kamusi, nikizifasiri kutoka Kiingereza neno kwa neno, wewe ukinicheka.

Mwezi huu nilifika kwenye karatasi ya kuchuja maji. Unakata chupa kitako, unaweka kitambaa, makaa yaliyosagwa, mchanga, kokoto. Tulimimina maji ya matope, yakatoka meupe. Watoto wa Kiturkana walicheka, wakasema mama zao wanachimba kisima kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, kila siku, hilo nalo ni somo? Hapo ndipo nilipoamini kabisa. Nilikumbuka siku ile lori letu lilipoharibika njiani, ukachimba kwa mikono kwenye mto mkavu hadi maji yakaja, ukaniambia, "Kunywa, mchanga umeshafanya kazi yake." Nilikunywa na sikuugua.

Lakini wewe ulichimba mbali na watu, mchanga mwingi na wa chini. Sisi tuliweka konzi mbili ndani ya chupa.

Na karatasi ilikuwa imekatika. Nakuambia wewe kwa sababu sijamwambia mtu mwingine. Mstari wa mwisho ulisema maji sasa yanaonekana safi, kisha likafuata neno moja la Kiingereza, "but", yaani lakini, na hapo ikaisha. Niliona, Mwalimu. Nilipindua karatasi, nyuma hakuna kitu. Nikadhani ndivyo kompyuta zilivyo, nikafunga somo.

Nyandeng unamkumbuka, yule msichana wa Kisudani mrefu anayekaa mbele na kuuliza maswali mawili mawili. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu wiki hiyo, na mvua ilikuwa imeacha madimbwi karibu na vyoo. Alitengeneza chupa yake nyumbani, akachota dimbwini, akachuja, akanywa wa kwanza ili awaonyeshe wadogo zake. Sasa amelazwa hospitali ya kambi, anatapika na kuhara, macho yameingia ndani. Jumatano nilikwenda kumwona. Mama yake alinishika mikono yote miwili. "Asante, mwalimu," alisema. "Mtoto yangu nasafisha maji ya sisi yote. Hata leo mimi natumia ile chupa yake."

Yaani bado wanayanywa. Nilisikia, na sikumwambia ayamwage. Nilimwambia tu kwamba Mungu atamponya mtoto, nikatoka. Mimi ni mwoga, hilo ulilijua siku nyingi, ulikuwa ukilitania, ila hukujua uoga wangu unafika huku.

Nilijidanganya kwamba lazima kwanza niwe na hakika. Alhamisi sikupata gari. Jana nilipanda lori lililokuwa kwenye msafara wa askari nikaja hapa. Leo asubuhi karani wa mapadri amepiga simu ya kompyuta, laini imekatika, amepiga tena, hadi saa sita ukurasa ukaja mzima. Unaendelea hivi: lakini vijidudu ni vidogo kuliko nafasi kati ya punje za mchanga, vinapita. Maji haya yasinywewe kabla ya kuchemshwa. Mistari miwili tu, Mwalimu. Ilikuwa inakuja kwako, simu ikakatika.

Msafara wa kurudi Kakuma ni kesho asubuhi. Mpaka kesho kuna vikombe vingapi?

Kuna redio-kolu ya mapadri. Saa kumi kamili wanaongea na Kakuma, na wewe unajua redio ile, kila kituo kinasikiliza: shule, hospitali, ofisi, hadi Lokichoggio. Nikisema, watasikia wote kwamba mwalimu Faida amewafundisha watoto kunywa maji machafu. Nitafukuzwa darasani. Baba yake Nyandeng atasikia kabla sijamtazama usoni. Na wazazi wengine, maana sijui ni chupa ngapi zimetengenezwa.

Nikuambie na baya zaidi. Tangu saa sita nimekaa kwenye benchi hili nikipanga maneno, na kila nikiyapanga yanaanza na jina lako. Karatasi ya marehemu Ekai. Boksi la marehemu Ekai. Ingekuwa rahisi, wewe hufukuzwi kazi tena. Ndiyo maana nimechukua kalamu nikuandikie, nikuone usoni kidogo kabla sijafanya hivyo. Sikuweza kukutupia lawama.

Imebaki dakika tano. Karani ameshawasha mashine, nasikia mkoromo wake dirishani na mtu wa Kakuma akiita. Lala salama, Mwalimu wangu. Nakuahidi, nitasema chemsheni maji, mwageni yaliyo ndani ya chupa, na wakiuliza ni nani aliyefundisha, watalisikia jina langu. Lako sitalitaja.

Faida