Dada, Ulikwenda Kuuliza Getini

Dada Mwajuma,

Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara inageuka makala. Unanijua: nikishika kalamu natafuta mtu wa kupigana naye. Leo wa kupigana naye ni mimi mwenyewe.

Unakumbuka kikao cha familia sebuleni kwako Bunju, binti yako Zuhura alipochaguliwa kusoma shahada ya kemia? Ulikuja na daftari. Siku tatu ulikuwa umesimama kwenye geti la kiwanda cha rangi, ukiwauliza vijana wenye shahada hiyo wanalipwa nini, na mkopo wa chuo ukishakatwa wanabaki na nini. Mlinzi akakuuliza kama unatafuta mume. Ukamjibu: "Natafuta mkwe, na wewe huna sifa." Tulicheka sana. Kisha ukasema taratibu: Zuhura aanze na stashahada ya maabara, mkopo uwe mdogo, shahada aifuate akiwa kazini.

Nikasimama. Mbele ya shemeji na mashangazi nikasema elimu haipimwi kwenye mizani kama mchele. Nikahubiri utumwa wa akili mpaka watu wakakucheka. Ukafunga daftari. "Haya, msomi. Mie nilikuwa nauliza tu." Fomu ya mkopo ikaletwa, nikasaini kama mdhamini bila kuisoma. Mimi, ninayesomaga hadi maandishi ya kwenye kopo la maziwa!

Wiki ileile nikaandika gazetini kuhusu "mama mmoja wa Bunju anayemzuia binti yake kusoma". Nilidanganya, dada. Hukumzuia. Na mtaa mzima ulijua ni wewe. Idi ikafika, ukanipakulia pilau, hukuitaja makala ile. Afadhali ungenitukana.

Tangu tukuzike, Zuhura amepata kazi. Kiwanda kilekile. Anapima rangi kwa mkataba wa miezi sita, benchi moja na kijana wa stashahada aliyemtangulia kazini, na kijana huyo anamzidi mshahara. Mkopo ukikatwa, kinachobaki ni kodi ya chumba na nauli. Nilimuuliza kama anajuta.

"Kemia naipenda, mjomba. Kinachoniuma, mama alinitafutia majibu nikayacheka, kwa sababu wewe ulichekesha watu."

 

Sasa mdogo wake, Salma, amechaguliwa shahada ileile. Ameniletea fomu. "Saini hapo chini tu, mjomba." Nikaiweka fomu mezani bila kusaini. Kesho yake nikaenda getini, nikasimama uliposimama. Wachache wanalipwa vizuri. Wengine waligeuza uso kabla sijamaliza swali. Nikaona aibu ya kuwauliza, na aibu kubwa zaidi kwamba wewe uliivumilia siku tatu.

Makala ya kujikanusha nimeshaipeleka gazetini. Jumamosi tunakutana tena sebuleni kwako, na walewale waliocheka watakuwepo. Nitawaambia nilikusingizia. Kisha Salma atachagua mwenyewe, majibu yote yakiwa mezani. Akichagua shahada, nitadhamini baada ya kusoma kila mstari, na makato yakimlemea nitabeba naye.

Mungu akurehemu, dada yangu. Sikuandikii ili unisamehe. Nafasi hiyo niliichezea ukiwa hai. Nakuandikia ili Jumamosi nisipate pa kukimbilia.

Mdogo wako,
Hamisi