Kombe Tulilolipata Drumkeel

Tullybrack,
Kaunti ya Armagh,
Ireland ya Kaskazini.

9 Agosti, 1979.

Mpendwa kaka Alwyn,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi Doreen na watoto hamjambo huko Kanada, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, lakini bado anakamua ng'ombe mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Kadi yako ya kumpongeza Mervyn ilifika juzi. Nimeitia kwenye droo, sijampa. Usikasirike. Wewe ulisikia tu kwamba mdogo wetu amekuwa wa tatu kwenye mbio za pikipiki za Drumkeel, na ni kweli, lakini acha nikueleze ilivyokuwa.

Timu yetu ni watu watatu. Mervyn anaendesha, mume wangu Norris anatengeneza injini, nami nasimama kando ya barabara na ubao wa kumwonyesha yuko nafasi ya ngapi. Pikipiki ni Yamaha kuukuu tuliyoinunua kwa mtu wa Portadown, na tunaibeba kwenye gari la maziwa la Norris. Siku ya kwanza tulipoingia uwanja wa timu, mwanamume mmoja alituuliza, "Nyinyi mmekuja kushindana au kugawa maziwa?" Watu wakacheka, nasi tukacheka nao. Mvua ilinyesha, injini ikanoki kabla ya mzunguko wa pili, na Mervyn akarudi akiisukuma pikipiki, buti zimejaa maji.

Yule mcheshi ndiye Lowry Gault, mkulima wa upande wa Markethill, aliyekuwa akishindana tangu Mervyn yuko shule. Jioni ile ile alikuja kumsaidia Norris kufungua injini. Kabla ya mbio za pili alitembea na Mervyn barabara nzima kwa miguu, akimwonyesha mahali lami ilipobonyea, mfuniko wa chuma wa mtaro unaoteleza, na kuta za kuogopa. Mara hiyo tulimaliza. Tulikuwa karibu na mkia, lakini tulimaliza, na mke wa Lowry, Isobel, akatukatia keki kana kwamba tumeshinda.

Drumkeel zilikuwa mbio zetu za tatu. Siku kavu, watu wamekaa juu ya kuta na mageti, wengine na viti vyao kutoka sebuleni. Nilimwona Lowry akipita mbele yangu na Mervyn nyuma yake, karibu sana, nikaandika ubaoni kwamba yuko wa sita. Nikawangoja warudi. Hawakurudi. Badala yake zikaja bendera nyekundu za kusimamisha mbio, na ule mngurumo uliokuwa umejaa vijiji vyote ukanyamaza.

Lowry aliangukia kwenye kona ya kanisa na kugonga ukuta. Mervyn alipita kati ya Lowry na pikipiki iliyoanguka bila kumgusa, na mpaka leo hajui alipitaje. Alisimama, akarudi mbio, akapiga magoti kando yake. Ananiambia Lowry alikuwa amefumbua macho, akamuuliza kama mbio zimesimamishwa. Mervyn akamwambia ndiyo. Lowry hakusema tena. Daktari alipofika alimfunika.

Kaka, baada ya hapo walisafisha barabara na kutangaza kwamba mbio zitaanza upya. Ndivyo ilivyo huku, unajua. Norris alikuwa tayari anaipakia pikipiki garini. Mervyn akamwambia aishushe, kwamba atakimbia kwa ajili ya Lowry, kwamba Lowry ndivyo angetaka.

Hatukumwona Isobel amesimama nyuma ya gari. Alikuwa ameshika glavu za mumewe. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Lowry hataki kitu tena, mwanangu," alisema. "Ukitaka kukimbia, kimbia, sikukatazi. Lakini iwe ni kwa kutaka kwako. Usimtwike mume wangu jambo hilo."

Mervyn akamjibu, "Basi ni mimi ninayetaka."

Isobel akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mervyn akavaa kofia yake, akakimbia, akawa wa tatu. Hakuna aliyepiga makofi sana. Kombe lenyewe liko chini ya kiti cha gari la maziwa; hakuna aliyelitoa.

Tulimzika Lowry Jumatano ya wiki iliyopita. Mervyn alibeba jeneza. Tangu siku hiyo Mama hasemi naye, kwa kuwa hataki kuacha mbio. Anampakulia chakula na kugeuka. Norris naye aliapa hatashika spana tena, akisema hataki kuitwa kutambua maiti ya shemeji yake. Mervyn hakubishana. Kila jioni anakwenda bandani peke yake, kwa sababu keshokutwa kuna mbio nyingine, na atakwenda.

Jana tulikuwa mezani, mimi na Norris tu. Tulimsikia Mervyn bandani akihangaika na gurudumu la nyuma, chuma kikigonga chuma, akiangusha vitu na kuanza tena. Unamjua, hajawahi kuwa na mkono wa ufundi. Norris alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akasukuma kiti.

"Atakwenda tu," aliniambia. "Basi asiende na gurudumu alilolifunga mwenyewe."

Akatoka. Nilikwenda dirishani. Mervyn alimpisha, akashika taa, na Norris akapiga goti akaanza kufungua kila kitu upya, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Jumamosi nitasimama na ubao wangu. Sijui kama ni sawa, Alwyn. Ukiweza, mpigie Mama simu Jumapili, liwe limetokea lolote.

Shangazi Ettie na Norris wanakusalimu. Mbusu wifi Doreen kwa niaba yangu, na umwambie binti yako Glenda kwamba picha yake iko ukutani jikoni. Mungu awalinde nyote njiani na nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Hazel