Sauti ya kaka Bahati ndani ya ordinatere

Walikale, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya Ngungu? Papa ameanza kula tena? Mimi niko mzima, ila huku mvua hainyamazi na maziwa ninayaota tu.

Uliniomba sauti ya kaka Bahati, ile aliyojirekodi akiita ng'ombe kabla ya kufariki. Niliiacha ndani ya ordinatere yake, ile kompyuta ambayo sasa ninawafundishia wamama waliokimbia vita, hapa parokiani. Wiki hii nilidhani nimeipoteza.

Kaka aliiwekea ordinatere ule mfumo wa bure wa kuiendesha, ambao watu wa nchi nyingi wanautengeneza pamoja. Kila mara unauliza kama tuufanyie mise à jour, yaani tuuwekee toleo jipya. Ninawaambia wanaoanza: zile ndogo za usalama, kubalini, ile kubwa inayobadilisha mfumo mzima, ikataeni kwanza, mpaka tunakili kazi zetu na betri ya sola ijae. Lakini unanijua, Mama, ninasema kwa sauti ya chini.

Mama Nyota, mwanafunzi wangu mmoja, mfugaji wa kwetu Masisi, akaikubali ile kubwa. Umeme ukakatika katikati. Ordinatere haikuwaka tena.

"Mama, kwa nini haukukataa?" nikamwuliza.

"We mutoto! Muntu akikupa maziwa kwake, unakataa? Hii mashini imenikaribisha na heshima yote!"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatoka nje kulia.

Kesho yake niliiwasha kwa mfumo mwingine, uliokuwa kwenye USB ya mwalimu mmoja wa hapa parokiani. Faili za kaka zilikuwa salama. Nikafungua sauti: "Gaju, kuja! Bihogo, kuja!" Mama Nyota, aliyekuwa bado anacheka na wenzake, akaacha.

"Hizo ng'ombe ziko wapi?"

"Watu wa bunduki walizibeba zote. Bihogo tu njo alibakia."

Akajifunika uso kwa kitenge.

Nimeinakili sauti hiyo kwenye USB. Papa Safari, dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria, atakuletea. Ichomeke kwenye redio ya Papa hapo nyumbani. Msalimie Papa, na Nyanya anayeniombea, na dada Esta anayekukamulia siku hizi.

Ila usiifungulie nje, Mama. Ifungulieni ndani, mlango ukiwa umefungwa. Bihogo akiisikia atainua kichwa, atamtafuta kaka.

Ni mimi mtoto wako, ninayekuwaza kila jioni,
Neema